Tone la Bati na Nyumba ya Doto

Kwa pacha wangu Doto,

Mwangaluka! Kama barua imekufikia jioni, basi ng'wadila. Hamjambo hapo Kimali? Watoto wameacha kukohoa? Mayu analala vizuri? Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo inayoumwa, na nimeona nikuandikie wewe mwenyewe, kwa sababu uliyeiumiza ni wewe, ingawa hujui.

Huwa unaniuliza huku Ujerumani nafanya kazi gani. Tunayeyusha bati mpaka liwe kama maji, kisha tunalidondosha tone kwa tone ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Tone ni dogo kuliko punje ya ulezi. Likiwa linaanguka, tunalipiga kwa leza, yaani mwanga mkali unaowaka na kuzimika kabla hujapepesa jicho. Mwanga wenyewe hausukumi kitu cha maana. Unachemsha ngozi ya tone upande mmoja, mvuke unachomoka kwa kasi kuelekea mwanga unakotoka, na tone linarushwa upande wa pili huku likitandazika kama chapati. Usipolipiga katikati, linakwenda mshazari na kupasuka. Nimehangaika nalo tangu nije. Ile siku ya simu ndiyo siku niliyopata picha yake limetandazika sawasawa, duara safi. Watu walinipigia makofi. Nikawaza, leo mayu atamsikia mwanawe.

Unajua mwenyewe simu ile ilivyopangwa. Shemeji Masanja alimpeleka mayu posta ya Bariadi kwa lori la pamba. Nikasema, "Mwangaluka, mayu!"

Akajibu, "Doto! Mbona sauti yako iko mbali, umeenda wapi tena?"

"Ni Kulwa, mayu."

"Aah, Kulwa. Nilidhani Doto."

Nikamwambia, "Mayu, leo nimepiga picha tone la bati!"

"Bati?" akacheka kwa furaha. "Mwanangu, Doto ameezeka bati nyumba nzima! Na mimi nina chumba changu. Shishiyu nimeshahama."

Doto, chumba cha mayu nilikuwa nakijenga mimi kichwani tangu siku niliyopanda ndege. Nilishachagua hata upande wa dirisha. Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waanze kushindana na ushirika, na mumeo awe wakala wao, nilijua mtainuka. Sikujua mtainuka na mama yangu. Ndiyo, nimeandika yangu. Nisamehe. Ni wetu. Lakini mmemhamisha kutoka boma la baba, na hakuna aliyeniuliza!

Nikarudi maabara na hasira yangu. Nilihamisha kioo kinachoelekeza leza bila kuangalia vizuri. Matone yakapigwa pembeni, yakapasuka na kurukia dirisha la chombo mpaka likawa jeusi. Kazi ya wote ikasimama. Mkubwa wetu, mama mmoja mtu mzima aitwaye Hanna, akaniuliza, "Kulwa, una nini leo?"

Nikasema, "Dada yangu amejenga nyumba. Amemchukua mama."

"Hongera!" akasema, akanishika mkono. Na wenzangu nao, mmoja mmoja, hongera, hongera. Nikasema asante kwa kila mmoja, kisha nikaenda chooni kulia.

Basi nakuonea wivu, pacha wangu. Nakuonea wivu kwa kuwa unamsikia akikohoa asubuhi, na kwa kuwa kinywa chake kinatangulia kwenye jina lako. Hongera yangu bado haijafika mdomoni. Ikifika nitaituma.

Ila kuna jambo moja. Shemeji alipopokea simu kumaliza salamu, alisema chumba cha mayu bado sakafu ni udongo, mtaisakafia mkishauza pamba. Nakuomba, Doto, msiisakafie. Nimeomba likizo, nimepewa. Nakuja kuisakafia mwenyewe, kwa mikono yangu, mayu akae mlangoni anitazame na kunikosoa. Najua haya yatakupa shida kumweleza kwa nini chumba chake kinachelewa. Mwambie lolote, ila usimwambie nimelia.

Msalimie shemeji, mwambie wabeja, asante sana kwa lori. Wasalimie watoto, na mama mkwe wako, na baba mdogo aliyebaki Shishiyu na ng'ombe.

Mimi niliyekutangulia kuzaliwa,
Kulwa