Bakteria Wasionusa Hewa

Medan, Jumatano

Kwako Dada yangu Tiurma,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua cha Mama kimetulia tangu mvua zipungue huko Balige. Mwili wangu hauna neno. Yule samaki wa arsik uliyenipikia kwa viungo vya kwetu alifika salama. Tulimmaliza siku ile ile na wenzangu wa chumbani, tukalamba hadi vidole.

Uliuliza mtihani wangu ulikwendaje, nami nikawa nakukwepa. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unakumbuka tope nililochota chini ya vizimba vya samaki ziwani, Baba akanicheka? Mna bakteria humo wanaoogelea kwa mikia. Ukiwatia kwenye kijibomba cha kioo kilicho wazi upande mmoja, wanaionja oksijeni, wanageuka, wanajipanga kama utando mweupe pale inapowatosha. Ikizidi wanarudi nyuma, ikipungua wanasogea mdomoni mwa kijibomba. Baadhi yao niliwaondolea jeni moja, niliyoamini ndiyo pua yao. Waliendelea kuogelea kwa nguvu zile zile, ila hewa wakawa wanaipita tu. Kazi yangu yote ndiyo hiyo.

Siku ya mtihani niliwaweka chini ya hadubini, picha ikaonekana ukutani mbele ya walimu. Wale niliosema hawana pua wakajipanga vizuri kabisa! Profesa Hasiholan akaniuliza kama naona wanachokiona wao. Kabla sijajibu, mtu mmoja wa maabara yetu, aliyenisaidia kuandaa vifaa asubuhi, akadakia, "Mdogo wangu, hata bakteria wa topeni wanajua hewa iko wapi. Wewe je?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nafasi moja ya kwenda kusoma Japani, tuliyokuwa tukiigombea sote wawili, akapewa yeye.

Kesho yake nilitoa akiba ya bakteria wale wale kwenye friza, nikarudia. Wakatangatanga tu, kama nilivyosema tangu mwanzo. Kumbe chupa zangu zilibadilishwa. Nilipomfuata yule aliyenisaidia kuandaa vifaa, hakukana. Alikuwa anakula tambi, akaendelea kula. "Ulitaka nifanyeje? Nafasi ni moja. Na hutasema, maana ukisema, dada yako ataolewa na nani?"

Ndiyo, Dada. Ni Parulian, mchumba wako.

Nilijaribu kunyamaza kwa ajili yako, kwa kuwa ukoo mzima umeshaalikwa harusini. Nimeshindwa. Leo asubuhi nimelirudia jaribio mbele ya Profesa, nikamweleza yote, na Parulian ameitwa ajieleze. Akitoka huko atakupigia, atalia, atasema nina wivu. Usiyaamini machozi yake. Ametuigizia mara nyingi hapa maabara jinsi anavyokulilia kwenye simu, na watu wakashika mbavu.

Barua hii nampa dereva wa basi la Balige, ikufikie kabla ya sauti yake. Nisalimie Baba na Mama. Ukitaka kunichukia, nichukie, ila nipigie mimi kwanza.

Mdogo wako,
Rotua