Umeme kwenye Maji ya Bwana Chande

S.L.P. 61,
Same.
4 Machi, 1990.

Mpendwa Kaka Wilbard,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Morogoro, wewe, shemeji Leticia na mtoto. Kile kikohozi cha mtoto mlichotuandikia Januari kimeisha? Mama hajambo, yuko Mbaga, anasubiri mvua kama watu wote wa milimani. Baba mkubwa naye hajambo, ni miguu tu inayomsumbua. Mimi ni mzima wa mwili.

Dada yetu Beatha si mzima, na ndiyo sababu naandika leo Jumapili badala ya kwenda ibadani.

Jumanne iliyopita asubuhi alikuwa anapiga deki sebuleni kwa Bwana Chande. Akaona samaki amekufa, akatia mkono kwenye lile tangi la kioo amtoe. Umeme ukampiga. Ulimtupa kwenye ukingo wa meza, akapasuka juu ya nyusi, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimeungua. Hospitali wamemshona nyuzi nne. Kidole cha shahada hakikunjiki mpaka leo, na wewe unajua kwamba mwezi wa tano anatakiwa kuanza ushonaji pale usharikani. Ameniuliza mara mbili kama mtu anaweza kushona kwa mkono wa kushoto.

Hujaliona lile tangi tangu likizo yako ya Juni. Bwana Chande analipenda kuliko alivyolipenda wakati ule. Tangu biashara ilipofunguliwa ameongeza lori la pili, na kila lori linalotoka Tanga linarudi na madumu ya maji ya bahari. Mimi karani ndiye ninayeyapokea na kuyatia sahihi, kama vile ni sukari. Watu wanatoka Hedaru na Makanya kuja kuwaona vitatange, wale samaki wa rangi wa baharini, wakiogelea Same, mahali ambapo sisi tunapanga foleni bombani kwa ndoo moja.

Mwezi wa kwanza wale samaki walianza kufa, mmoja, halafu wawili, mpaka wakafika saba. Bwana Chande akamshika Beatha. Akamwuliza mbele ya wageni kama anawaogesha samaki wake kwa sabuni. Beatha akamjibu, "Bosi, sabuni ya kufulia mashuka yako hunipi, ya samaki nitaitoa wapi?" Wageni walicheka. Yeye hakucheka, na jibu lile hajalisahau.

Siku hizo hizo Beatha alikuwa anasema maji yanamuuma. Alisema kama wadudu wanatembea mkononi. Bwana Chande akatia mkono wake mwenyewe, akauzungusha humo ndani, akasema, "Maji yanamuuma Beatha peke yake. Labda hayajazoea Wapare." Nilikuwepo, kaka. Nilicheka kidogo, kwa sababu yeye ni bosi na alikuwa ananitazama.

Siku iliyofuata ajali Bwana Chande alikwenda Moshi, nikamwomba Rogathe, yule fundi redio wa stendi, aje na mita yake. Tulipigilia nondo nje ya dirisha, tukamwagia maji kwa sababu ardhi ya hapa ni kavu kama jivu, tukafunga waya wa kwanza wa mita hapo. Waya wa pili tukauchovya kwenye tangi. Mshale ulikwenda mpaka volti mia moja na tisini. Rogathe alirudi nyuma hatua mbili, akaniambia, "Karani, hili si tangi, hii ni nguzo ya umeme imelala."

Nilifuata tulivyofundishwa shuleni, kuondoa kitu kimoja kimoja. Tulichomoa taa ya juu ya kioo, mshale haukusogea. Tukachomoa ile mashine ndogo ya hewa, haukusogea. Tukachomoa pampu ya maji, ile inayokaa chini kabisa ndani ya tangi, na mshale ukaanguka. Tukairudisha, ukapanda. Nilirudia mara tatu. Rogathe alidhani sikuamini. Niliamini mara ya kwanza. Nilirudia kwa sababu nilijua ni nani aliyeitengeneza ile pampu, na sikutaka iwe hiyo.

Tulipoitoa majini nilikuta kiungo chako. Waya ulikokatika uliusokota, ukauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, ukafunga kwa uzi wa katani, kama tunavyofunga kila kitu tangu miaka ile ambayo dukani hakuna kitu. Kiungo kama hicho kwenye pasi au redio kinadumu. Hiki ulikiweka ndani ya maji ya chumvi. Chumvi iliingia, shaba ikaota kutu ya kijani iliyokuwa inatoka kama unga ukiigusa. Nadhani kutu hiyo ndiyo iliyowaua samaki, kwa maana umeme wenyewe hauwasumbui sana, wanaelea humo humo na hawajagusa ardhi. Aliyegusa ardhi ni Beatha.

Halafu nikatazama ukutani. Plagi hakuna. Nyaya mbili zimechomekwa kwenye soketi na kukazwa kwa vijiti vya kiberiti, na waya wa tatu, waya wa ethi ambao ungepeleka umeme huo ardhini kabla haujamfikia mtu, umekatwa na kukunjwa nyuma. Wewe ni fundi mwenye cheti, kaka. Kazi ya waya ule uliijua kuliko mtu yeyote katika nyumba ile.

Nina hasira na wewe. Nimejaribu kuandika sentensi hii kwa upole mara nne na nimechana karatasi nne. Ulikaa kwetu wiki tatu. Beatha ndiye aliyekufulia, ndiye aliyekupikia makande. Ulijua kwamba kila asubuhi anatia mkono kwenye maji yale. Ulimwambia Bwana Chande kwamba kiungo ni cha wiki mbili tu mpaka pampu mpya ije kutoka Mombasa, na yeye akasema, "Ikizunguka, imezunguka." Hayo niliyasikia. Lakini Beatha hukumwambia neno. Ulimwambia mwenye tangi, hukumwambia mwenye mkono.

Na mimi nilikata ule mpira kwa wembe nikakupa. Nilikuuliza ethi tunaipeleka wapi, ukasema nisikuchoshe na mambo ya darasani. Nikanyamaza miezi minane.

Sasa usikilize kilichotokea Ijumaa. Bwana Chande aliniita sebuleni, mezani kuna karatasi iliyokwisha pigwa chapa. Imeandikwa kwamba mimi, Abednego, karani, nilimwona Beatha akimimina sabuni kwenye tangi kwa kusudi la kuua samaki, na kwamba aliteleza akaumia alipokuwa anakimbia. Ilitakiwa sahihi yangu tu, ipelekwe polisi. Dada yangu na nyuzi zake nne apelekwe polisi kwa ajili ya vitatange.

Nilimweleza habari ya mita. Akaniuliza, "Karani, umekuwa fundi tangu lini?" Akairudisha pampu majini, akachomeka nyaya kwa vile vijiti, akatia mkono hadi kwenye kiwiko. "Haya, nionyeshe. Umeme uko wapi?"

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nimekiona kila siku bila kukitazama. Unaikumbuka sheria ya nyumba ile, viatu vinavuliwa mlangoni. Beatha anafanya kazi pekupeku, juu ya simenti yenye maji ya deki. Bwana Chande peke yake ana ndala za ndani, za mpira, na anasimama juu ya zulia. Umeme ungepita wapi kwake?

Nikamwambia, "Bosi, vua ndala. Simama pale palipopigwa deki, halafu utie mkono tena."

Aliutoa mkono polepole, akaupangusa kwenye shati. Akatazama miguu yake, akatazama sakafu. Hakuvua. Nikaelewa kwamba naye ameelewa. Kisha akasema, "Nyinyi Wapare kesi ndiyo chai yenu ya asubuhi. Tia sahihi, au Jumatatu usije kazini."

Nikamwambia nitatia sahihi atakapovua ndala. Nikatoka.

Jumatatu ni kesho. Nimeandika taarifa yangu mwenyewe, nakala mbili kwa karatasi ya kaboni. Rogathe ametia sahihi kwenye vipimo. Jana nilimkabidhi katibu kata nakala moja, akaisoma yote mbele yangu, akasema atatuita sote ofisini kwake Alhamisi ya tarehe 15, saa tatu asubuhi, na kwamba kabla ya hapo hakuna atakayepelekwa popote.

Bwana Chande atasema pampu ilitengenezwa na fundi wetu sisi, na hakuambiwa kitu. Maneno yake kuhusu zile wiki mbili tuliyasikia wawili tu, wewe na mimi. Mimi nitakuwa karani aliyefukuzwa, nani ataniamini? Kwa hiyo taarifa inasema aliyeunganisha ule waya ni Wilbard Fanueli, fundi umeme, sasa yuko Morogoro. Inasema mpira ulikatwa nami. Sikuandika "fundi mmoja". Najua utakachosema, kwamba damu haiandikwi kwenye karatasi za serikali. Beatha naye ni damu.

Najua unaweza kuulizwa na kiwanda chako, na kwamba cheti chako ndicho chakula cha mtoto. Nimelifikiria hilo sana. Njoo hata hivyo. Barua haitatosha, Bwana Chande atasema nimeiandika mimi.

Beatha hajui kwamba kiungo ni chako. Nimemwambia tu kwamba ni waya. Atalisikia jina pale ofisini likisomwa, na ningependa wakati huo uwe umekaa karibu naye, umemwambia mwenyewe.

Mama anawasalimu, na Baba mkubwa anauliza kama umempata yule daktari wa miguu. Nisalimie sana shemeji Leticia, umbusu mtoto. Barua hii nitampa kondakta wa basi ili isichelewe posta.

Mungu akulinde njiani, kaka, na akufikishe Same kabla ya tarehe 15.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye pamoja na hasira hii,

Abednego