Chocolat ya buyoga ya shemeji Muhindo

Butembo, vendredi mangaribi

Na eti ni dawa! Shemeji Muhindo alileta chocolat ya buyoga bya kulewesha toka Kampala, anasema kipande kidogo kila asubui kinaondoa woga. Kidogo gani? Anakata na kisu ya mukate, bila kupima.

Bibi yake, mudogo wangu Masika, halale muzuri tangu tulikimbia vita ya Beni. Leo alikula, akaona ukuta unapumua, roho ikamupiga mbio. Nilimushika mikono mpaka ikapita.

"Mais juzi alicheka," Muhindo akasema, sawa mutu mwenye kuuzisha simu.

Ni kweli alicheka. Ile njo inaniuma.

Nilitupa yote mu choo. Masika akaniuliza polepole: "Yaya, sasa utanipa nini?"

Nilikaa pembeni yake, nikamushika mikono tena.