Siku Tulizomngoja Pascal Kisiwani

Maman,

Tulikuzika huku Mururu mvua ikinyesha, na watu walikuja wengi, hata wale uliosema hawatakuja. Sasa wageni wameondoka, viti vya kukodi vimerudishwa, na mimi nimebaki na neno moja ambalo nililisikia siku ileile ya mazishi yako. Ningelisikia mapema kidogo ningekuja mbio kitandani pako. Lakini siwezi kukuambia hivihivi. Turudi kwanza kule kisiwani, mimi na wewe.

Unakumbuka tulivyofika pale? Mimi na Pascal tulikuwa tumeoana bila wewe. Ulibaki Bukavu ukakataa kuvuka mto kuja harusini, kwa sababu mtoto wako pekee aliyebaki alikuwa anamwoa binti wa fundi cherehani wa Kamembe, binti Mwislamu. Pascal aliumia, ila hakugomba na mtu. Alikuwa fundi wa friji. Karakana yake ilikuwa Bukavu, upande wa Kongo, na nyumba yetu Kamembe, upande wa Rwanda, na kila asubuhi alivuka mpaka akafanye kazi, jioni akarudi. Ndiye aliyekuwa akitengeneza friji za ile hoteli ndogo ya kisiwani, katikati ya ziwa, na mwenye hoteli alimpenda. Siku moja alimwambia, "Lete familia, mupumzike."

"Tutakwenda watatu," Pascal akaniambia. "Kule hakuna jiko la Maman wala jiko lako. Hakuna atakayekuwa mgeni kwa mwenzake."

Wewe ulitoka Bukavu kwa boti, mimi nikatoka Kamembe. Yeye alibaki nyuma amalize friji ya mteja, atufuate kesho yake. Kwa hiyo tulikutana gatini mimi na wewe peke yetu, na hapakuwa na mtu wa kututambulisha. Ulinipa mkono, ukaniita Madame.

Palikuwa pazuri pale, Maman, hata kama hatukuweza kupaona. Vyumba vichache vya matofali mekundu, kila kimoja na baraza lake, mchanga mwembamba hadi majini, miavuli ya nyasi, viti vya kulalia ambavyo hakuna aliyevilalia isipokuwa mume na mke mmoja kutoka Kigali. Kimya hata kijiko kikianguka jikoni tulikisikia. Mchana walituletea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga katika sahani moja. Wewe ulifanya ishara ya msalaba polepole sana, huku unanitazama. Mimi nikasema bismillahi kwa sauti ambayo nilihakikisha umeisikia. Kisha kila mmoja akamngoja mwenzake achukue kwanza, na wale sambaza wakapoa.

Asubuhi tulikuwa kwenye chai, meza mbili tofauti, mlio wa kwanza ulipokuja juu ya maji. Mhudumu akacheka. "Ni bamilitaire, banafanya mazoezi."

Wewe uliweka kikombe chini. "Apana. Minajua ile sauti."

Ulikuwa ule mwaka ambao sote tulikwisha kujiambia kwamba vita vimekwisha, halafu Bukavu ikachafuka tena. Tulisimama mchangani tukautazama mji wote ng'ambo, nyumba zake zimeshikilia vilima, na moshi unapanda mahali ambapo hatukuweza kupatambua. Wewe ulikuwa unahesabu mitaa kwa kidole, "Pale Nyawera, pale Nguba."

Pascal alipiga simu. Kati yetu wawili ni mimi tu niliyekuwa na simu, na chaja ilikuwa katika begi lake, hukohuko Bukavu.

"Niko ndani ya stoo ya jirani wa karakana," alisema, kwa sauti ya mtu aliyefunika mdomo. "Barabara ya mpakani imefungwa. Banaangalia batu sura. Banasema Banyarwanda batoke." Kisha akauliza, "Maman amekula?"

Nilikuambia yote, sikuficha kitu. Ulifunga kitenge chako vizuri kiunoni, ukatembea moja kwa moja hadi gatini, ukamwambia mwenye mtumbwi akuvushe. Meneja alikuja akisema hakuna chombo kitakachokwenda Bukavu. Ulikuwa umekwisha tia mguu mmoja ndani ya mtumbwi nilipokushika kitenge.

"Uniache!"

"Maman, hata wewe una sura ileile wanayoitafuta."

Ulinipiga kofi. Lilinipata sikioni, na bado nilikishikilia kitenge, hadi sote wawili tukaanguka pale kwenye maji ya magotini, mbele ya wafanyakazi na wale wageni wa Kigali waliokuwa wanabeba mizigo yao kwenda kwenye boti ya mwisho ya Kamembe. Meneja alitusihi tupande. Hukutaka kuupa mgongo ule mji. Nami sikuweza kukuacha. Boti ikaondoka na meneja, tukabaki na mpishi na yule mhudumu.

Tulikaa mchangani na nguo zetu mbichi. Ndipo uliponiambia habari za Théo, mtoto wako mkubwa, aliyetoka kutafuta mkate katika vita vile vya kwanza na ambaye hukuwahi kupata hata shati lake. Uliniambia bila kunitazama. "Sina nguvu ya kungoja tena," ukasema. "Kungoja nilishafanya."

Mchana nikatazama simu. Alama ya betri ilikuwa imebaki mstari mmoja, na tayari ilikuwa inalia kuomba chaja. Jenereta ya hoteli ilikuwa imezimwa. Simu moja tu ingetoka, tukibahatika.

Wewe ulitaka tumpigie padri wa parokia yako. Alimbatiza Pascal, na nyumba yake ilikuwa karibu na stoo ile. Mimi nilitaka tumpigie mjomba Hamadi, kaka wa mama yangu, muuza vitenge, aliyekuwa anakaa mbali zaidi, juu kule Kadutu. Tuligombana. Sauti zilipanda hadi mpishi akatoka nje. Ghafla ulinishika kidevu kama mtu anayemkagua mtoto.

"Ile mjomba yako, anaweza muacha mutoto yangu ku mulango?"

"Hawezi, Maman."

"Apa."

"Naapa kwa Mungu."

"Mungu gani?"

"Sijui mwingine. Ni mmoja tu."

Mlio ukaja mwingine kutoka ng'ambo, kisha mwingine. "Basi," ukasema. "Piga yako."

Mjomba Hamadi aliitika. Nilimtajia jirani, stoo, rangi ya geti. Alisema, "Nimesikia, mwanangu," na simu ikazima mkononi mwangu. Hatukujua kama alisikia na ile rangi ya geti.

Baada ya hapo palikuwa na kungoja tu. Yule mhudumu aliendelea kutandika meza zote kwa vitambaa vyeupe, kila mlo, kwa wageni ambao hawakuwepo. Nafikiri asingefanya hivyo angelia. Uliliburuta godoro lako hadi chumbani kwangu jua lingalipo. "Usilale wewe moja," ulisema, na tangu hapo hukuniita Madame tena. Ulisali rozari barazani. Mimi nikatandika taulo la hoteli kando yako. Ulisogeza kiti chako pembeni ili nipate nafasi ya kusujudu.

Alasiri ya kesho yake mtumbwi ulikuja umejaa wanawake na watoto, na mwanamume mmoja amevaa kanzu iliyokuwa fupi kwake na kofia ya mjomba wangu kichwani. Hukumtambua. Mimi nilimjua kwa mabega. Uliingia majini hadi kifuani kumpokea, ukawa unampapasa uso kama kipofu.

Mjomba alikuwa amempitisha mtaa kwa mtaa, akiwaambia waliowasimamisha kuwa ni mkwewe. Alimpandisha mtumbwini pamoja na mama mdogo Saida, mke wake mwenyewe, na watoto wao. Yeye akarudi kumchukua mama wa yule jirani wa stoo, aliyekuwa hawezi kutembea vizuri. Risasi ilimkuta njiani. Habari zilitufikia Kamembe wakati Pascal bado hajavua ile kanzu.

Hukuniuliza kama uje. Ulikuja msibani kwetu umefunika kichwa, ukaketi mkekani, ukamwambia mama yangu mbele ya wanawake wote, "Mimi ndiye nilisema bamupigie." Mama alikushika mikono. Hakukulaumu, wala hajawahi. Lakini nilikuona miaka yote hii, Maman. Kila sikukuu yetu ulituma nyama kwa watoto wa Hamadi. Na katika ugonjwa wako, nikikubadilishia shuka, uliniuliza tena, "Tungemupigia padri, ingekuwa aje?"

Mama mdogo Saida alihamia Uvira baada ya ule msiba. Alikuja kukuzika. Tulikuwa tunaosha sahani pamoja nikamweleza lile swali lako. Aliiweka sahani chini, akanishangaa.

"Simu yako?" akasema. "Simu ilimkuta mlangoni. Milio ilipoanza aliniambia, 'Mume wa Zaina yuko peke yake huko chini.' Alikuwa amekwenda karakanani akaikuta imefungwa, akarudi kuuliza watu mahali mumeo alipojificha. Alikuwa amevaa viatu, Zaina. Anatoka tena. Wewe ulimwambia tu ni mlango upi."

Basi ndilo hilo, Maman. Hukumtuma mtu kufa. Mjomba alikuwa anakwenda. Tulichofanya mimi na wewe, tumelowa vile, ni kumwonyesha mlango wa kugonga.

Pascal nimemwambia jana. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, sikumfuata.

Lala, mama yangu. Weka mzigo chini sasa.

Mkaza mwanao,
Zaina