Usiizime Kinga Hiyo

Mwanangu, fundi wa mafundi,

Hatujambo, ila mimi situlii. Tangu asubuhi naenda mlangoni na kurudi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa dereva wa lori barua hii.

Shangazi yako amenunua viatu vya kisigino, anatembea kwa kushika kuta. Nimemsimulia, yeye na foleni nzima ya maji, kuhusu chipu unazozitunza kiwandani: ndogo kama kucha, lakini ndizo zinazoendesha mota za mashine za kudarizi hatua kwa hatua, na waya zikigusana, chipu hizo hukata umeme zenyewe, ndiyo kinga yake. Akasema, "Wifi, kwa kujisifu hujambo!" Nikamwambia naye azae fundi wake.

Pazia la sebuleni halipo tena. Fyuzi ya pasi ilikuwa ikikatika kila mara, nami kwa ujuaji wangu nikafunga waya mnene mahali pake. Pasi haikuzima tena. Soketi ndiyo iliyowaka. Mkono unapona.

Basi mwanangu, uliponiambia bosi anataka uizime kinga ya chipu ili mashine zisisimame, la sivyo Ijumaa atakufukuza, nilikujibu, "Mtii mkubwa wako." Nayafuta maneno yale. Usiizime. Wasichana ishirini wanakaa kwenye mashine hizo.

Akikufukuza, njoo nyumbani. Majirani nimeshawaambia umepandishwa cheo, unakuja likizo.

Ni mimi mama yako, mwenye mkono mmoja na mdomo mzima.