Picha Inayochelewa

Chumba cha Mwisho,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
Jumapili, mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Habari za huko ugenini? Hiyo kazi, hiyo baridi, na kile kifua chako kinachokohoa hali ya hewa ikigeuka kidogo tu? Natumaini umepona na unakula, maana nakujua, kazi ikikubana unashindia chai. Mimi ni mgongo tu, ule ule wa kuinamia cherehani, lakini pumzi ipo na mapazia ya watu yanashonwa. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi wake mzima kabisa.

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu mazishi sijapokea simu yako, na ukimpigia mama najifanya niko bafuni. Nilikununia, sikatai, na mnuno wenyewe haujaisha wote. Lakini nduguyo ni nduguyo, na nina jambo ambalo ni wewe tu unayeliweza. Kwa simu nisingeweza kulisema. Kuta za nyumba hii ni kama karatasi, na mwenye habari hizi amelala chumba cha pili.

Ni kaka yetu, Kinyozi. Bandeji za ule moto zimetoka zote. Mkono wa kushoto umepona, yamebaki madoa. Wa kulia ndio kazi. Kovu limetambaa kutoka kiganjani hadi vidoleni na kila siku linazidi kuvuta. Yule mama wa mazoezi ya viungo alituambia bila kupepesa macho: vidole vikikaa bure, ngozi itavikunja, na vikishakunjwa havikunjuki tena. Kinyozi asiye na mkono wa kulia, Kitinda, atakula nini?

Mazoezi yenyewe hataki. Alipewa kampira ka kuminya, akakatupia uvunguni. Anasema kanauma, na mwenye kuumia ni yeye, mimi nitasema nini? Mama wa mazoezi akauliza mgonjwa alipenda nini kabla ya moto. Mama yetu akajibu, kunyoa na gemu. Yule mama akacheka, akasema basi mpeni gemu, vidole vitafanya kazi yeye mwenyewe asijue.

Mashine yenu ya gemu ilinusurika kwa kuwa ilikuwa huku kwetu. Runinga ndiyo hakuna. Ya kwake iliungua na kila kitu katika kile chumba nyuma ya duka lake, siku ile tuliyompoteza wifi yangu. Mama ni mtu wa redio, unamjua. Ndipo nikaikumbuka ile kompyuta yako ya gemu uliyoniachia niitunze, yenye kioo kipana na vitufe vinavyowaka rangi kama taa za saluni. Nikajisemea, si ina kioo? Tena kompyuta ya gemu na mashine ya gemu zitashindwaje kuelewana?

Nikachomeka waya, upande huu kwenye mashine, upande ule kwenye kompyuta. Ukaingia bila kusukumwa. Kioo kikabaki na picha yako ile uliyopiga umevaa miwani. Mama akasema kompyuta imekufa, mimi nikaulaumu waya, nikanunua mwingine. Wewe tena na miwani yako! Fundi wa simu wa hapa mtaani alipokuja alicheka hadi akakaa chini. Kumbe lile tundu ni la kutolea picha tu, halipokei. Uchomeke waya wa dhahabu, halipokei. Akaleta kisanduku kidogo cha kudaka picha, kikakaa katikati ya mashine na kompyuta, akafungua programu yake, na uwanja wa mpira ukajaa kwenye kioo, nyasi na watazamaji.

Kitinda, alicheka. Sijamsikia akicheka tangu siku ya moto. Akasema hata ukiwa huko mbali atakufunga, kama enzi zile alizokufunga hadi ukachomoa waya wa umeme ukasingizia mgao.

Basi akaanza kucheza, na akaanza kufungwa. Alifungwa na mashine katika kile kiwango cha chini kabisa, cha watoto. Anabonyeza, mpira umeshachukuliwa. Anabonyeza tena, mchezaji wake anapiga teke hewani. Tukamwambia ni kukaa muda mrefu bila kucheza, ajaribu kesho. Akajaribu kesho, na kesho yake, hali ile ile. Mwisho akaiweka padi, kile kidude cha kubonyezea, mezani taratibu. Angeitupa ningefurahi. Akautazama mkono wake akasema, "Dada, mkono huu umekufa. Nautuma, hauendi."

Tangu hapo hajautumia tena huo mkono. Anaufunga kwa kitambaa kifuani kama kitu cha kusubiri kuzikwa. Mikasi yake, ile iliyookolewa na majirani, ameigawa yote kwa vinyozi wenzake. Chakula anakula kwa kijiko mkono wa kushoto, na akishiba anageukia ukuta.

Juzi nilikuwa nasafisha meza nikaishika hiyo padi, kwa hasira tu, nikacheza mwenyewe. Mimi ni mtu wa cherehani. Najua mguu ukikanyaga sindano inashuka papo hapo. Nikabonyeza, kimya, halafu ndipo yule mchezaji akapiga teke, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini. Nikabonyeza tena na tena. Lo! Mimi mwenye vidole vyote kumi nikafungwa vile vile alivyofungwa kaka yako.

Nikamfuata fundi mbio, kanga begani, huku nikimtukana njia nzima. Masikini hakukataa. Akasema picha inapita kwenye kile kisanduku, kisha kompyuta ndiyo inaionyesha, na safari yote hiyo inaichelewesha kidogo. Kwa kutazama tu hujui. Kwa kucheza, umekwisha. Yeye alidhani mgonjwa anataka kujiliwaza, hakujua tunaupimia mkono. Akatuazima runinga yake mwenyewe siku hiyo hiyo. Nimeijaribu, ukibonyeza tu mchezaji keshapiga.

Nikaingia kwa kaka nikihema, nikamweleza yote. Ni kompyuta, si mkono! Unajua aliniambia nini? "Mmeanza tena." Nikaapa. Nikamwambia bonyeza mwenyewe uone. Akasema tutakuwa tumeitegesha ishinde yenyewe. Kisha akaongeza, pole pole kabisa, "Na mke wangu mlisema yuko wodi ya wanawake, anakunywa uji."

Ni kweli, tulisema hivyo. Ndivyo tulivyolelewa, wewe unajua. Kwa mama mgonjwa haambiwi baya, hata nyumba ikianguka anaambiwa ni upepo. Kaka yako alilala na mikono yake ndani ya bandeji, na sisi kila asubuhi tukimletea salamu kutoka kwa maiti. Mama alikuwa hata akimwambia kwamba wifi kauliza kama amelala vizuri. Wewe ndiye uliyempigia simu ukamwambia mke wake tumeshamzika. Nilikulaani siku ile, na mpaka leo nasema ungengoja vidonda vikauke. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na nyoka wenyewe ndio sisi tunaompelekea chakula. Ameshaniambia wazi: katika ukoo huu ni mtu mmoja tu ambaye hajamdanganya, naye yuko mbali.

Kwa hiyo mpigie. Mweleze la picha, wewe ndiye mjuzi wa hizo kompyuta, atakuelewa. Mwambie ajaribu kwenye runinga. Kovu halisubiri mtu apate imani.

Kuna jingine, na hili mama alinikataza kulitamka. Daktari anasema gumba na vidole viwili vinavyofuata vitarudi, akivitumikisha kuanzia sasa. Cha pete na cha mwisho vimeshakwenda. Nimewauliza vinyozi wenzake kwa siri, mkasi wanaushika kwa gumba na hicho cha pete. Mashine ya kunyolea ataishika. Mkasi itabidi ajifunze upya kama mwanagenzi, na pengine usimkubali. Mama amesema asiambiwe mpaka moyo wake utulie. Nami niliitikia kwa kichwa mbele ya daktari.

Baba mdogo anakusalimu, na shangazi Kicheko pia, anauliza lini utaoa. Mama anakusalimu sana, hajui nimeandika nini. Msalimie na huyo mwenzako wa chumbani, Mkoromaji. Kaka yako hakutumii salamu, kwani hajui kama nakuandikia.

Nilipoanza barua hii nilitaka umwambie la picha tu. Nimeandika hadi hapa, nimegeuza mawazo. Mwambie yote mawili, Kitinda, kwa simu hiyo hiyo moja, na vile vidole uvitaje. Atalia, na mimi nitakuwa mlangoni. Ukimwambia jema peke yake, siku atakapoushika mkasi ukamwanguka atajua na wewe umekuwa kama sisi, na hatakuwa amebakiwa na mtu hata mmoja wa kumwamini.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe ulimi wa kulisema hili.

Akupendaye hata akiwa amenuna,

Dada yako