Nukta ya Pili ya Jina la Tanabe

Aji, 2 Aprili 2018

Mwanangu Chizuru,

Salamu nyingi. Maua ya micheri yameshapukutika, mafua yalinipitia yakahamia kwa jirani, na mgongo unauma palepale pa siku zote, kwa hiyo mimi mzima. Nawe natumaini u mzima, ingawa mtu asiyemwandikia baba yake mwaka na nusu huenda vidole vimemwoza. Nimeamua mimi niwe mkubwa, nianze.

Simu sipigi. Mara ya mwisho ulikata wewe, au nilikata mimi. Shahidi hayupo.

Kadi ya picha ya kompyuta yangu imeungua. Ilitoa harufu ya dagaa, nikadhani jirani anachoma. Nilikwenda Takamatsu wakaniuzia kadi mpya yenye feni tatu, nzito kama kigae cha paa. Nikaichomeka. Mfumo wa kompyuta yangu, Banmoji, haukuitambua. Unanionyesha picha ya mikwaruzo mikubwamikubwa, rangi kumi na sita tu, dunia ya mtu aliyenyang'anywa miwani. Kampuni iliyoutengeneza ilifungwa zamani, unajua. Na unajua ni mfumo huo tu wenye herufi zote za majina ya watu, hata zile serikali ilizozitupa, na ndio unaoiamuru mashine ikate karatasi ya mpira ninayoibandika kwenye jiwe la kaburi kabla ya kulipulizia mchanga wa kuchonga jina.

Herufi ya mwisho ya jina letu, "be", ina sura thelathini na moja humo. Leo zote thelathini na moja ni madonge ya wino. Yenye nukta moja na yenye nukta mbili sizijui ipi ni ipi. Na jiwe la mama yako lazima lisimame tarehe tisa Oktoba, siku ya ibada ya mwaka wake wa tatu, ambao huangukia baada ya miaka miwili; makasisi wana hesabu zao. Jiwe halina kifutio.

Wewe uko Osaka, kwenye masoko ya vyuma hivyo. Nitafutie kadi ya zamani kama ile iliyoungua. Jina letu ni la nukta mbili. Sitaki kukumbusha ya msibani.

Baba yako,
Iwao


Osaka, 22 Aprili

Shikamoo baba,

Mimi mzima, vidole vyote kumi vipo. Pole na mgongo. Zile plasta ulizoacha kubandika zibandike.

Umesema hutaki kukumbusha, ukakumbusha. Basi tuyaseme. Kibao cha jina cha msiba wa mama nilikiagiza mimi. Kompyuta ya ukumbi wa mazishi haikuwa na herufi yetu, wakaweka yenye nukta moja. Wakaja Tanabe wa bandarini, wale wa nukta moja, watu sita, wakidhani amekufa shangazi yao. Walilia vizuri, wakala. Ukaniambia mbele ya kasisi kwamba nimemzika mama kwa jina la wauza dagaa. Hayo ndiyo yaliyotokea.

Nimezunguka maduka ya vyuma ya Nipponbashi Jumamosi tatu. Kadi kama yako zilizobaki zimevimba matumbo, haziwaki. Ila hiyo mpya uliyonunua si mbovu. Inakosa doraiba tu.

Mwanao,
Chizuru


Aji, 26 Aprili

Mwanangu,

Plasta nimebandika. Zinanuka kama hospitali lakini nashukuru.

Bisibisi ninazo kumi na saba, kuanzia ya kufungulia saa mpaka ile ya babu yako yenye mpini wa mwaloni. Kama kadi ilikuwa inakosa hiyo tu, ungesema mapema. Nimekaza kila skrubu niliyoiona. Moja imekatika kichwa. Picha ni ileile.

Baba yako,
mwenye bisibisi


Osaka, 9 Mei

Shikamoo baba,

Natumaini kompyuta nayo ni nzima baada ya mkono wako.

Neno letu hilo lina kazi nyingi na kosa ni langu kuliandika hivyo tu. Doraiba ni bisibisi, ni dereva wa teksi, na ni kile nilichokusudia mimi: programu ndogo inayokaa kati ya mfumo na kadi, ikimtafsiria huyu maneno ya yule. Kadi yako inaongea, Banmoji hauelewi, basi wanaishia kuonyeshana ishara. Ndiyo yale madonge ya wino.

Tafsiri ya kadi mpya kwa Banmoji haijaandikwa na mtu yeyote tangu kampuni ifungwe. Watumiaji waliobaki wana ukurasa wao. Nimewahesabu kumi na mmoja. Watatu ni makasisi, na mmoja amekufa lakini bado wanamjibu. Yupo mwalimu mstaafu wa Sapporo aliyewahi kuandika ya kadi nyingine, shangazi wa hii yako. Nitaanzia hapo, jioni, nikishamaliza programu za mashine za kuuzia vinywaji ninazolipiwa. Usiniulize lini.

Mimi nikuulize. Nukta moja ikipungua, wewe unapungukiwa nini?

Mwanao,
Chizuru


Aji, 15 Juni

Mwanangu,

Salamu kutoka kwenye mvua. Viatu vimeota ukungu, mimi bado.

Swali lako nimekaa nalo mwezi mzima, si kwa kuwa gumu, ila nilitaka ujue anavyojisikia mtu akisubiri jibu.

Babu yako alikuwa mkata mawe na hakujua kuandika zaidi ya majina ya maiti. Alipokuwa anakufa aliniambia, "Usiniandike kama mtu wa bandarini." Hakusema kingine cha maana, aliomba supu. Mama yako naye alitoka kwao na jina jepesi, linaloandikwa kabla chai haijapoa. Wiki ya kwanza alipoona "be" yetu alisema, "Hii si herufi, hili ni zizi." Nikamwambia aandike fupi tu, nani atamkamata. Akakataa. Miaka arobaini na mitatu kila karatasi ya shule yako, kila risiti ya mchele, nukta mbili. Hata alipolazwa hospitali, nukta ya pili aliifuata akaiweka.

Nikimwandikia pungufu, aliyeolewa na mimi ni nani? Hapo ndipo ninapopungukiwa. Sasa rudi kazini.

Baba yako,
Iwao


Aji, 30 Julai

Mwanangu,

Wewe mzima? Mimi mzima, ingawa wengine hawakuamini.

Sidii yako yenye doraiba imefika, nimeiweka kama ulivyoandika. Maandishi sasa yamenyooka kama ya gazeti, hongera. Ila yote ni ya zambarau na yako kichwa chini. Nikaona si neno, nikalala chali sakafuni, shingo nimeipindua, nahesabu nukta. Bi Odagiri wa posta akachungulia, akapiga kelele, akaita gari la wagonjwa. Nimewaeleza natafuta jina la mke wangu. Wakanipima presha mara mbili.

Baba yako,
mgonjwa wa uongo


Osaka, 28 Agosti

Shikamoo baba,

Nimefurahi hukuvunjika shingo. Samahani sikuja Obon, siku za kuzuru makaburi. Nilikuwa na hili.

Nilihesabu mistari ya kioo kutoka chini badala ya juu, na nyekundu na bluu niliziacha zikiwaka hata penye nyeusi. Mwalimu wa Sapporo aliona makosa yote mawili kwa kusoma tu, akaniandikia, "Binti, umejenga nyumba ukaanzia paa." Sidii ya pili hii hapa.

Nilikuwa nikijaribia kila kitu kwa herufi yetu. Wiki saba nimezitazama hizo sura thelathini na moja. Yetu ni ya kumi na tano. Ya bandarini ni ya kumi na nne, ziko bega kwa bega. Nilikuwa naziona kitu kimoja. Sasa sioni hivyo.

Mwanao,
Chizuru


Aji, 19 Septemba

Mwanangu Chizuru,

Salamu. Joto limepungua, na jambo jingine limepungua ambalo nitakwambia.

Sidii ya pili imekubali. Nyeusi ni nyeusi, juu ni juu. Nimeona nukta mpaka nikataka kuzipangusa nikidhani ni nzi. Kwa furaha nikafungua kazi zangu za zamani moja moja, kama mzee anavyotazama picha za ujana. Nikafika kwenye jiwe la babu yako, la mwaka 2001, kazi yangu ya kwanza kwa Banmoji.

Ni ya kumi na nne.

Nikasema kompyuta inaongopa. Nikapanda makaburini na brashi, nikasugua kuvu. Nukta moja. Miaka kumi na saba naliosha lile jiwe kila Obon, sijalisoma. Nani husoma jina analolijua? Na kila mwaka nilikuta pale uvumba wa watu wa bandarini, nikidhani ni adabu zao. Walikuwa wanamfukizia wakidhani ni wa kwao.

Kwa hiyo nimekununia mwaka na nusu kwa kosa nililolitangulia mimi, tena lako lilikuwa la kibao cha siku moja. Barua hii imeandikwa na mwenye haya. Usiionyeshe watu.

Sasa nikufundishe kitu cha kazi yetu. Kwenye jiwe nukta huongezwa, haiondolewi. Ya babu yako nimeiongeza jana kwa tindo, nikamwomba radhi. Jiwe la mama yako nimelikata leo. Kwenye karatasi ya mpira niliziba tundu la nukta ya pili. Lina nukta moja, na nafasi ya nyingine iko wazi, upana wa punje ya mchele.

Mkono wangu siuamini tena, na wewe umezitazama wiki saba. Tindo utazikuta mezani, nukta uiweke wewe.

Baba yako,
Iwao


Osaka, 24 Septemba

Shikamoo baba,

Mimi mzima. Nimeomba ruhusa kazini kuanzia tarehe tano Oktoba. Niwekee jiwe bovu la kujifunzia.

Mwanao,
Chizuru